Historia ya Istilahi za Uonjaji wa Bia

Kuonja ni kazi ya ulimi na pua, bali kueleza kilichoonjwa ni kazi ya lugha. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi watengenezaji bia wa Ulaya na Marekani walivyosanifisha istilahi za uonjaji, na funzo wanaloweza kulipata waunda istilahi wa Kiswahili.

Katika miaka ya 1940 wataalamu wa kiwanda cha Carlsberg, mjini Copenhagen, walitumia jaribio la glasi tatu. Glasi mbili zilitiwa bia ile ile, na ya tatu bia nyingine, naye mwonjaji akatakiwa kuitambua iliyo tofauti. Jaribio hilo lilithibitisha kuwa tofauti ipo. Halikueleza ni tofauti gani. Hapo ndipo neno lilipohitajika.

Kazi hiyo ya maneno ilifanywa katika miaka ya 1970 na Morten Meilgaard, mtaalamu kutoka Denmark, pamoja na wenzake. Mwaka 1979 ilichapishwa orodha iliyokubaliwa na vyama vitatu vya wataalamu wa bia, kimoja cha Ulaya na viwili vya Marekani. Ladha na harufu 122 ziligawanywa katika makundi 14, zikapangwa katika mchoro wa gurudumu.

Orodha hiyo ilijengwa juu ya misingi miwili. Kwanza, kila dhana ipewe neno lake. Pili, kila inapowezekana, neno lifungwe kwenye kielelezo, yaani kemikali inayotiwa katika bia safi ili wanafunzi wote wainuse. Hivyo diasetili ni kielelezo cha harufu ya siagi, dimethili salfaidi ya mahindi ya kuchemsha, na isoamili asetati ya ndizi mbivu. Maneno ya kusifu na kulaumu hayakupewa nafasi, kwa sababu harufu ya ndizi ni sifa katika bia ya ngano ya Bavaria, lakini ni kasoro katika bia nyingi za aina ya laga.

Ama kuhusu Kiswahili, maneno tunayo. Kinachopungua ni mipaka baina yao. Tuchukue neno "kali". Pilipili ni kali, siki ni kali, na pombe yenye kileo kingi ni kali. Mkaguzi akiandika kuwa bia fulani "ni kali", msomaji wa taarifa hajui kama kileo kimezidi au bia imeharibika. Kadhalika "chachu" ni kitu kinachoumua unga, na pia ni sifa ya maziwa yaliyoganda. Basi "harufu ya chachu" ina maana mbili, na kila moja humpeleka fundi kwenye pipa tofauti.

Hapana budi, kwa hiyo, kuyagawia maneno haya kazi. Ladha ya hopsi iitwe uchungu. Ya asidi, uchachu. Nguvu ya pombe, ukali wa kileo. Na kinachoumua kiitwe hamira. Hali ya kinywa kukazana, kama mtu aliyetafuna ndizi mbichi, tayari ina jina zuri: ukakasi.

Mfano mmoja wahitaji uangalifu zaidi. Bia iliyopigwa na mwanga hutoa harufu mbaya, kwa kuwa mwanga huvunja viambato vya hopsi. Ndiyo sababu chupa za rangi ya kahawia hupendelewa. Wamarekani huilinganisha harufu hiyo na mnyama wa kwao asiyepatikana Afrika. Mtafsiri aweza kumtaja kicheche, ambaye naye hutoa uvundo, lakini wasomaji wengi wa mjini hawajapata kumnusa. Afadhali basi kuitaja sababu: harufu ya kupigwa na mwanga. Kielelezo chake ni rahisi, nacho ni chupa ya kijani au nyeupe iliyoachwa juani. Mwalimu aweza kukitayarisha mwenyewe, na wanafunzi wote wakakubaliana juu ya maana ya neno kabla ya kuliandika.