Amani: Msitu Uliogeuka Darasa

Mwaka 1902 Wajerumani walifungua taasisi ya biolojia na kilimo huko Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga. Walichotafuta ni mazao. Walileta miti kutoka pande nyingi za dunia, wakaipanda na kuandika ipi inastawi na ipi inakufa. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia za meli, magome ya misinkona ya Amani ndiyo yaliyotoa kwinini ya kutibu malaria.

Waingereza waliichukua taasisi hiyo mwaka 1916. Baadaye utafiti wa kilimo ulihamia Muguga, Kenya, na wataalamu wa malaria wakashika nafasi yake Amani.

Msitu wenyewe, wenye viumbe wasiopatikana kwingine popote, ulichelewa kuthaminiwa. Miaka ya 1970 mashine zilikuwa zikivuna magogo humo. Palipobaki wazi paliotewa na musizi, mti uliopandwa Amani na watu. Hondohondo hula matunda yake na kuzisambaza mbegu mbali. Mwanafunzi anayetaka kujua spishi vamizi ni nini aanzie hapo: ahesabu miche ya musizi, kisha ahesabu ya miti ya asili iliyo kando yake. Hakuna ubao unaoweza kumfundisha hivyo.

Mwaka 1997 Amani ikawa hifadhi ya mazingira asilia ya kwanza Tanzania, yenye zaidi ya hekta 8,000. Shirika la Tropical Biology Association, lililoanzishwa miaka ya 1990, limekuwa likileta huko vijana wa Afrika na Ulaya kwa kozi za takriban mwezi mmoja. Kila mmoja hubuni swali lake, hukusanya takwimu, kisha hutetea majibu mbele ya wenzake.

Usiku ndio wenye mafunzo matamu. Kinyonga hulala kwenye ncha za matawi, na mwanga wa tochi humwonyesha akiwa mweupe katikati ya majani. Wanafunzi hutembea taratibu kwenye njia iliyopimwa kwa kamba, wakiandika kila kinyonga na kimo alicholala. Waongozaji wa vijiji jirani mara nyingi huwaona vinyonga kabla ya wageni, na ujuzi huo unastahili heshima ileile wanayopewa maprofesa.

Walimu wa biolojia wa Muheza, Korogwe na Tanga wasiuache msitu huu kwa wageni peke yao. Ombeni kibali, bebeni kamba, daftari na tochi, muwapeleke wanafunzi wenu Amani.