Mpira wa Vijana na Kitabu cha Ubatizo

Wengine katika kijitabu hiki wamekwisha kueleza habari za makanisa, shule na hospitali. Sisi twataka kueleza habari za mpira wa miguu wa vijana, na mtu asidhani ya kuwa habari hizi ni ndogo, maana mpira uliingia katika nchi yetu ukishikana mkono na ubao wa shule.

Chanzo chake chatupeleka Unguja. Hapo Kiungani, karibu na mji, misheni ya UMCA ilikuwa na shule, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watoto waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Katika miaka ya 1880 wavulana wa Kiungani walikuwa wakicheza mpira. Misheni hiyohiyo ilikuwa imefika Masasi tangu mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta bara watu waliowekwa huru, na kwa miaka mingi walimu wa Masasi na Newala walitoka Kiungani. Cecil Majaliwa, Myao, aliyepewa upadre mwaka 1890, alisoma huko. (Jina hili lisichanganywe na la uwanja wa Ruangwa: huo umeitwa kwa Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu mwaka 2015 hata 2025.) Dayosisi ya Masasi ilipowekwa mwaka 1926, chini ya Askofu Vincent Lucas, desturi ilikuwa imekwisha kukaa: mwalimu afundishaye kusoma asubuhi ndiye apulizaye filimbi jioni.

Desturi hiyo yaendelea hata leo katika vijiji vya Nachingwea na Ruangwa, na Lionja ni kimoja cha vijiji hivyo. Mwalimu wa mpira kijijini hana msaidizi wala mshahara wa kazi hiyo. Kalenda yake huandikwa na mvua na shamba: tangu Desemba hata Aprili mvua hunyesha na majani huota uwanjani, ufuta ukiiva vijana huitwa kuuvuna, korosho zikianza kuanguka huitwa tena. Hubaki miezi michache ya kiangazi, na humo tena mna jando. Mwalimu mwenye busara hapigani na mambo haya. Hupanga mazoezi siku mbili au tatu kwa juma, saa kumi na moja jua likipungua, na wadogo huwaanza mapema kuliko wakubwa.

Wadogo hawa wahitaji uangalifu. Mtoto wa miaka kumi si mtu mzima aliyefupishwa. Afadhali acheze katika uwanja mdogo, saba kwa saba, kwa mpira wa namba 4, ulio mdogo kuliko ule wa namba 5 wa watu wazima, ili aguse mpira mara nyingi na kujifunza kuutuliza. Akiwekwa pamoja na wenye miaka kumi na sita, ataogopa kugongwa, atasimama pembeni, na mwisho hataonekana tena.

Hapo ndipo umri unapokuwa jambo kubwa. Zamani watoto wengi wa vijijini hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na mwalimu aliyetaka kujua miaka ya mchezaji alimwendea padre, akaomba kitabu cha ubatizo kifunuliwe. Kitabu kilisema kweli kwa waliobatizwa wachanga. Lakini watoto wa Kiislamu, nao ni wengi katika nchi hii, hawakuwamo. Miaka yao ilihesabiwa kwa kadi ya kliniki, ama kwa kumbukumbu ya mama: mwaka wa njaa, mwaka wa uchaguzi.

Tena kulikuwa na kishawishi. Kijana mwenye miaka kumi na tisa hufunga magoli, na wako watu wanaotaka apunguziwe mitatu ili kombe lipatikane. Taifa zima limekwisha kulipa deni la namna hiyo: vijana wetu wa chini ya miaka 17 walijipatia nafasi katika mashindano ya Afrika ya mwaka 2005 kule Gambia, wakaondolewa kwa sababu ya mchezaji mmoja aliyezidi umri. Wenzake wote walibaki nyumbani. Tangu mwaka 2009, katika Kombe la Dunia la vijana wa umri huo, mifupa ya kifundo cha mkono hupigwa picha kwa mashine, kwa kuwa kabla ya miaka 17 ni nadra kuwa imekwisha kuungana. Mashine hiyo haiko kijijini. Kijijini yuko mwalimu, yuko padre, na yuko yule mdogo aliyekosa nafasi yake kwa ajili ya mkubwa. Huyu wa mwisho hana wa kumsemea.

Majirani zetu wa Ruangwa wameonyesha mpira waweza kufika wapi. Namungo ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2019/20, na mwaka 2021 ikaingia makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Tangu hapo watoto wa vijijini hukimbia wakijiita majina ya wachezaji wake, na wazazi waliokuwa wakikataza mpira sasa huuliza mazoezi ni saa ngapi. Jambo hili twalifurahia, lakini tamaa ya kupunguza miaka nayo yazidi.

Mwaka 2017 serikali ilianza katika Lindi na Mtwara kazi ya kuwaandika watoto wa chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti bila malipo. Watoto wale ndio sasa wanaoingia katika timu za shule za msingi, Wakristo na Waislamu, wavulana na wasichana, kila mmoja na karatasi yake.