Senftenberger See

Senftenberger See ni ziwa la kuchimbwa katika jimbo la Brandenburg, mashariki mwa Ujerumani, lililotokana na Niemtsch, mgodi wa wazi wa makaa ya kahawia. Shimo lilianza kujazwa mwaka 1967 kwa maji ya mto Schwarze Elster, na ufuko wa kwanza ulifunguliwa kwa wageni mwaka 1973. Ziwa lina eneo la takriban hekta 1,300. Wageni huogelea, huendesha mashua za tanga, hupiga kambi na huzunguka ziwa kwa baiskeli. Kisiwa cha katikati, kilichobaki baada ya uchimbaji, ni hifadhi ya mazingira: hakuna ruhusa ya kukikanyaga, kwani kingo za kifusi huweza kuporomoka. Tangu 2013 mfereji wa Koschener Kanal unaliunganisha Senftenberger See na ziwa la Geierswalder See.