Vifaru vya Ngamiani

Kila ninapoonyeshwa orodha ya michezo ya video inayosemekana kuwa bora kupita yote, naanza kwa kuitafuta Battle City. Mara nyingi haimo. Mario yumo, Zelda yumo, Sonic naye hakosi nafasi, lakini vile vifaru vilivyowakesheza vijana wa mtaa wa Ngamiani havina habari. Mimi ni fundi wa redio, televisheni na mashine za gemu hapa Tanga tangu miaka ya 1990. Kaseti za michezo hiyo nimezifungua na kuzisafisha, na nyingine nimezizika. Naijua sababu ya kusahauliwa kwazo, na sababu yenyewe inaanzia Japani.

Tarehe 15 Julai 1983 Nintendo ilianza kuuza huko Japani mashine iliyoitwa Famicom. Miaka miwili baadaye ndugu yake akapelekwa Marekani kwa jina la NES, akiwa amebadilishwa sura na tumbo. Kaseti ya Japani ilikuwa na meno 60, ya Marekani meno 72. Mashine ya Marekani iliwekewa pia kipande kidogo cha kuhakiki kaseti, kisichoruhusu mchezo usio na kibali uwake. Famicom haikuwa na mlinzi huyo. Mafundi wa Taiwan wakaona mlango uko wazi wakaingia. Viwanda vya huko vilitengeneza chipu za kuiga za Famicom, na kampuni ndogondogo zikazitia ndani ya maboksi ya kila sura na jina. Warusi walipata yao mwaka 1992 wakaiita Dendy, Wapoland wakaijua kama Pegasus, Afrika Kusini wakauziwa Golden China. Sisi tulipokea zenye majina ya kila aina, na nyingine hazikuwa na jina kabisa. Zote ndani zilikuwa Famicom ya meno 60. Kuna mteja wangu aliyetumiwa na shemeji yake kaseti ya kijivu kutoka Marekani. Alikuja nayo dukani akidhani mashine yake ni mbovu. Kaseti haikuingia, na isingeweza kuingia.

Kwa hiyo kilichotufikia kilikuwa mkusanyo wa michezo wa Japani, si wa Marekani. Tena si mkusanyo wote. Kaseti za mwanzo za Famicom zilikuwa ndogo mno: michezo iliyotumia bodi ya kawaida haikuweza kuzidi kilobaiti 40, programu na picha kwa pamoja. Picha moja ya simu ya leo inaimeza michezo hiyo kwa makumi. Michezo ya baadaye ilihitaji chipu ya ziada ndani ya kaseti, na chipu hiyo ilikuwa ghali na ngumu kuiga. Mwigaji wa kaseti naye ni mfanyabiashara. Akachagua midogo, akairundika mingi katika bodi moja, akabandika karatasi yenye namba ya kutisha. Nimeshika kaseti iliyoandikwa michezo 9999999. Ukiiwasha unaona ufuo wa bahari na ndege wakipaa, muziki laini unalia, kisha orodha isiyokwisha. Michezo ya kweli ilikuwa michache. Iliyobaki ni ileile imepewa majina mapya, au imeanzishwa kutoka hatua ya kumi badala ya ya kwanza. Ukifungua kaseti yenyewe unakuta bodi ya ukubwa wa vidole viwili na tone moja la gundi nyeusi juu ya chipu. Tone hilo likipasuka hakuna fundi wa kulirudisha.

Udogo ndio ulioivusha bahari michezo hii. Battle City ya Namco, Road Fighter ya Konami, Binary Land ya Hudson, zote za mwaka 1985, na Circus Charlie iliyohamishiwa Famicom mwaka uliofuata, zilikuwa na umbo ambalo mwigaji alilitaka. Na kwa sehemu kubwa michezo hiyohiyo haikuuzwa Marekani kwa mashine ya NES. Aliyekua kule akahesabu utoto wake kwa maboksi ya dukani hawezi kuikumbuka. Ndiye huyo, miaka ishirini baadaye, anayeandika orodha.

Hapa kwetu mambo yalikutana vizuri. Katikati ya miaka ya 1980 serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa, na Rais Mwinyi aliyeshika madaraka mwaka 1985 akapewa na wananchi jina la Mzee Ruksa. Mali ya Dubai ikapita Unguja, ikashuka bara kwa majahazi na boti. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi mwaka 1994. Lakini seti zilikuwepo. Mtu alinunua televisheni kwa ajili ya deki ya kanda za video, wengine wakisimika antena juu ya minazi kubahatisha Zanzibar au Mombasa. Seti hiyo, isiyo na kituo cha kuitazama, ilikuwa inangoja kazi. Gemu likaipa kazi.

Ndipo biashara ya mabanda ilipoanza kushamiri. Mwenye banda alihitaji chumba cha mbele, seti moja au mbili, mashine, benchi, na kijana mkali wa kukusanya sarafu. Ulilipia kwa mchezo au kwa dakika, kutegemea mwenye banda ana saa ya ukutani au hana. Sheria ilikuwa moja Ngamiani nzima: aliyefungwa anapisha. Kwangu yaliletwa magonjwa yaleyale kila wiki. Adapta imeungua kwa umeme wa kupanda na kushuka. Pedi haishiki kulia kwa sababu raba yake imelika. Waya umekatika shingoni, pale mchezaji anapouvuta akidhani kifaru kitakwenda kasi. Kaseti haisomi, na kabla ya kunifikia imeshapulizwa na mtaa mzima mpaka meno yameota kutu ya mate. Nilisafisha kwa spiriti na raba ya penseli, nikamwambia mteja asipulize tena. Alipuliza hapohapo, mbele yangu.

Sasa niseme kuhusu vifaru vyenyewe, maana hapo ndipo ninapogombana na wenye orodha.

Battle City inaonekana ya kitoto. Uwanja mmoja unaonekana wote, tai amekaa chini katikati akiwa amezungushiwa ukuta wa matofali, na vifaru ishirini vya adui vinashuka kutoka juu, vichache vichache. Ukiuawa una roho nyingine. Tai akipigwa risasi moja mchezo umekwisha, hata kama una roho tele. Kuna hatua 35, kisha zinajirudia zikiwa kali zaidi. Hayo kila mtu anayajua. Kinachonishangaza ni kanuni moja iliyofichwa ndani yake: kifaru kisichopata nyota ya kukiongezea nguvu hakiwezi kupiga risasi ya pili mpaka ya kwanza igonge kitu. Maana yake, ukisimama mbali na adui unapiga polepole, ukimkaribia unapiga haraka. Mwoga anaadhibiwa bila kuambiwa. Wachezaji wazuri wa mtaani waligundua hilo kwa vidole, bila kusoma popote, na ungewaona wakimsogelea adui mpaka pua kwa pua.

Kuna la pili. Mnacheza wawili, wa manjano na wa kijani, upande mmoja. Risasi yako ikimpata mwenzako haimuui. Inamgandisha kwa muda, na wakati ameganda adui anampita. Ukuta wa tai pia mnaweza kuubomoa wenyewe kwa haraka zenu. Sijaona mchezo uliofundisha watu wawili kugawana kazi kwa ukali namna ile: wewe shika kushoto, mimi kulia, koleo likitokea achukue aliye karibu, kwa sababu koleo linaugeuza ukuta wa tai kuwa chuma. Marafiki walinuniana kwa ajili ya nyota iliyochukuliwa na asiyestahili. Na katika menyu kulikuwa na sehemu ya kuchora uwanja wako mwenyewe, matofali, maji, miti na chuma, mwaka 1985, ndani ya kaseti iliyo ndogo kuliko barua pepe yenye picha. Waigaji nao hawakukaa kimya. Toleo lao, Tank 1990, liliongeza mashua ya kuvukia maji. Wizi, ndiyo, lakini mwizi huyu alikuwa anaucheza mchezo na kuupenda.

Binary Land ilipata heshima ndogo zaidi, nadhani kwa sababu ina moyo na pengwini wawili, na vijana wa mabanda hawakutaka kuonekana na mambo ya moyo. Pengwini mmoja yuko kushoto, mwingine kulia, na pedi moja inawaendesha wote: ukimpeleka mmoja kulia, mwenzake anakwenda kushoto. Lazima wafike juu kwa wakati mmoja. Buibui na tando zake wako njiani. Wasichana waliokuja bandani na kaka zao ndio waliokuwa mabingwa, na wavulana wengi walikwepa kushindana nao. Kwa ufundi wa fikra naiweka juu ya Road Fighter, ambayo watu wengi wangeitaja kabla yake.

Road Fighter ni gari, barabara na mafuta yanayopungua. Ukiguswa na gari jingine unayumba, na ukipindisha upande sahihi kwa haraka unajiokoa. Ukilipuka unapoteza mafuta. Ukienda muda mrefu bila ajali, mtu anaruka angani pembeni mwa barabara na kukupa pointi. Ni huo tu, na unatosha. Circus Charlie, simba na pete za moto, sina mengi ya kusema juu yake. Ilikuwa ya wadogo zetu na waliipenda kwa haki.

Wa mwisho ni mpira ambao hapa ulisambaa kwa jina la Goal 3, kazi ya Technos ya mwaka 1993. Hakuna faulo, hakuna kadi. Mchezaji anagongwa analala chini, upepo wa kimbunga unapita uwanjani, radi inapiga, na shuti maalumu humbeba kipa pamoja na mpira hadi wavuni. Ulitoka wakati dunia imeshahamia mashine kubwa, hivyo wenye magazeti ya gemu hawakuwa na haja nao. Mabanda yaliuchezesha kwa miaka.

Kisha PlayStation ikaingia, na baada yake PlayStation 2 ya mwaka 2000, na soka halisi likafukuza kila kitu. Sina kinyongo. Mwenye banda anataka mchezo unaokwisha kwa dakika kumi, wenye mshindi na aliyeshindwa, na sarafu inayofuata. Lakini ndivyo kaseti zilivyoishia ndani ya mifuko ya plastiki juu ya makabati.

Wamiliki wenyewe wameanza kukumbuka. Mwaka 2020 Battle City iliwekwa katika mkusanyiko wa Namco uliouzwa hadi Marekani, na mwaka huohuo mpira wa Technos ukatoka kwa Kiingereza pamoja na ndugu zake. Hata hivyo matoleo ya waigaji, yale yaliyochezwa Tanga, Mombasa na Unguja, hakuna kampuni itakayoyauza tena, kwa kuwa hayana mwenyewe wa kisheria. Yapo kwenu tu. Kama una kaseti juu ya kabati usiitupe na usiipulize. Ifute meno kwa spiriti, mtafute fundi mwenye seti ya kizamani, kisha mwite mtu wa kushika pedi ya pili. Vifaru havichezwi na mmoja.