Pombe ya Chungu, Bia ya Chupa: Ushindani Ambao Ulimi Haukuulizwa

Desemba 1922, kreti kumi za kwanza za bia kutoka kiwanda kipya cha Ruaraka zilifikishwa Hoteli ya Stanley, katikati ya Nairobi. Kiwanda kilikuwa kimeanzishwa na ndugu wawili, George na Charles Hurst, pamoja na mwenzao H. A. Dowding. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo akiwa mawindoni, na bia ikapewa jina la Tusker kwa kumkumbuka.

Miaka hiyohiyo, upande wa pili wa mji, halmashauri ya Nairobi iliendesha kilabu chake cha pombe Pumwani. Humo Mwafrika aliuziwa pombe ya nafaka, na faida ikaenda kugharimia mitaa aliyotengewa. Utaratibu huo ulitoka Durban, ambako tangu 1908 manispaa ilikuwa imejitwalia peke yake haki ya kupika na kuuza pombe ya Waafrika. Wanawake waliopika nyumbani wakajikuta wahalifu kwa kazi ileile waliyojifunza kwa mama zao.

Mji mmoja, basi, ukawa na vinywaji viwili na wanywaji wa namna mbili. Sheria ilimnyima Mwafrika wa Kenya bia ya chupa mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Justin Willis, mwanahistoria aliyeandika kitabu Potent Brews (2002) kuhusu vileo vya Afrika Mashariki, ameonyesha jinsi kinywaji kilivyofungamana na mamlaka: nani anywe nini, wapi, na kwa idhini ya nani. Marufuku ilipoondolewa, chupa ilifika mezani ikiwa tayari imebeba heshima ya kitu kilichokuwa kimekatazwa. Chungu nacho kilikuwa kimebeba aibu ya kukamatwa na polisi. Ladha haikuwa imeulizwa lolote katika shauri hilo.

Wakati huohuo, Ulaya ilikuwa ikitafuta namna ya kuiuliza.

Kiwanda cha Carlsberg cha Copenhagen kilikuwa na sababu maalumu ya kujali ladha. Mwaka 1883 mtaalamu wake, Emil Christian Hansen, alifaulu kutenga hamira ya aina moja safi, na tangu hapo bia ya leo ikaweza kufanana na bia ya mwezi ujao. Lakini kufanana kunahitaji kuthibitishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 wataalamu wa kiwanda hicho walibuni jaribio la vikombe vitatu. Mwonjaji hupewa vikombe vitatu visivyo na jina: viwili vina bia moja, cha tatu kina bia nyingine. Kazi yake ni kutaja kilicho tofauti. Anayebahatisha atapatia mara moja katika tatu, kwa hiyo watu wengi wakipatia zaidi ya hapo, tofauti ipo kweli. Maelezo ya kazi hiyo yalichapishwa 1946, na jaribio hilo linatumika hadi leo katika viwanda vya vyakula na vinywaji duniani kote.

Jaribio la Copenhagen lilikuwa la kutambua tofauti, halikuwa la kuchagua kilicho bora. Swali la pili, la nani anapenda nini na kwa sababu gani, lilijibiwa kwa kishindo Marekani mwaka 1964. Ralph Allison na Kenneth Uhl waliwapelekea wanywaji 326 chupa za bia zilizobanduliwa vibandiko, wakanywe nyumbani na kuzipa alama. Baada ya wiki wakawapelekea bia zenye vibandiko vyake. Katika awamu ya kwanza wanywaji, kwa ujumla, walishindwa kuitambua hata bia waliyodai kuipenda kuliko zote, na alama walizozitoa zilikaribiana mno. Vibandiko viliporudi, alama zilipanda, na kila mmoja akaipa bia yake alama za juu. Bia haikuwa imebadilika. Kilichoongezeka ni karatasi iliyobandikwa kwenye chupa.

Mwaka 2006 Leonard Lee, Shane Frederick na Dan Ariely walilitazama jambo hilo kwa upande mwingine. Katika baa za Cambridge, Massachusetts, walitia matone ya siki ya balsamiko katika bia ya kawaida, kisha wakawaonjesha wateja 388. Wengi wa wale ambao hawakuambiwa chochote waliichagua bia yenye siki. Walioambiwa kabla ya kuonja waliikataa kwa wingi. Walioambiwa baada ya kuonja waliendelea kuipenda karibu sawa na wale wasiojua. Neno siki, likitangulia, hubadilisha kile ulimi unachokipokea. Likichelewa, hukuta ulimi umekwisha kuamua.

Kwa wapikaji wa nyumbani wa nchi za Magharibi, ugunduzi wa namna hii ulikuwa na maana ya pekee. Uingereza ilikuwa ikidai leseni kwa anayepika bia nyumbani mpaka 1963, waziri wa fedha Reginald Maudling alipoiondoa. Marekani, ambayo ilipiga marufuku vileo kuanzia 1920 hadi 1933, iliiacha bia ya nyumbani nje ya sheria kwa miongo mingine minne na zaidi, mpaka Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria ya kuiruhusu Oktoba 1978. Mwaka huohuo Charlie Papazian na wenzake walianzisha chama cha wapikaji wa nyumbani huko Boulder, Colorado. Mashindano yakafuata, na mwaka 1985 ukaanzishwa mpango wa kuwafunza na kuwatahini waamuzi wa bia. Mwamuzi hupokea kikombe chenye namba tu. Hajui kama mpikaji ni fundi wa magari au daktari, wala kama alitumia sufuria ya jikoni au mtambo wa maelfu ya dola. Ken Grossman, aliyekuwa akiuza vifaa vya kupikia bia nyumbani katika mji wa Chico, California, alianzisha kiwanda cha Sierra Nevada mwaka 1980. Alikuwa mmoja wa wengi waliovuka kutoka jikoni hadi kiwandani.

Afrika Mashariki haikosi wapikaji wala waonjaji. Inachokosa ni kile kikombe chenye namba.

Kazi ya mpika mbege wa Uchagani inastahili jaribio la haki kuliko bia nyingi. Ndizi mbivu huchemshwa kwa muda mrefu hadi ziwe nyekundu, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke. Hiyo ndiyo nyalu. Kando hupikwa uji wa kimea cha ulezi, unaoitwa mso. Uchungu hutoka kwenye gome la mti wa msesewa, linalofanya kazi ambayo kiwandani hufanywa na hopsi. Nyalu ikichujwa, ikachanganywa na mso, pombe huendelea kuchachuka hadi kwenye kata ya mnywaji. Asubuhi ina utamu. Kesho yake ukali umezidi. Keshokutwa ni ya wachache wanaoipenda hivyo. Watafiti Kubo na Kilasara walioandika kuhusu upikaji huu mwaka 2016 waliuchambua hatua kwa hatua, na anayesoma kazi yao anaona wazi kwamba huu ni ufundi wenye vipimo, wakati na maamuzi.

Busaa ya magharibi mwa Kenya nayo ina njia yake. Unga wa mahindi huloweshwa na kuachwa uchachuke, hukaangwa kwenye bati pana juu ya moto, kisha huchanganywa na maji na kimea cha ulezi, na mwishoni huchujwa. Kule kukaanga ndiko kunakoipa rangi na ile harufu inayofanana na ukoko. Kwa Wateso, ajon hunywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, watu wakiwa wamekizunguka; maji ya moto huongezwa kadiri pombe inavyopungua, na ladha hubadilika tangu mrija wa kwanza hadi wa mwisho.

Hapa mtu anayetaka kufanya jaribio la haki hukutana na tatizo la kweli. Mbege na bia ya chupa haviwezi kufichwa kwa kubandua kibandiko peke yake. Moja ni nzito, ina ukungu na punje. Nyingine inang'aa na ina gesi. Kikombe cheusi au taa nyekundu vitaficha rangi, lakini machicha mdomoni yatasema yenyewe. Kuna pia suala la siku: bia ya kiwandani hupashwa moto ili ikae miezi bila kubadilika, ilhali mbege ina saa zake. Mbege ya jana ikishindanishwa na bia ya chupa, kilichopimwa ni uhifadhi, wala si ufundi.

Ulinganisho wenye maana, basi, ni wa vinywaji vya jamii moja, na mifano ipo. Chibuku ilianza Kitwe, Zambia ya leo, katika miaka ya 1950. Inasimuliwa kwamba Max Heinrich, mwanzilishi wake, aliandika katika daftari jinsi alivyopika na jinsi wateja walivyoipokea, na jina likatokana na daftari hilo. Ni pombe nzito ya nafaka, imetiwa katika pakiti ya karatasi na inaendelea kuchachuka humo; mnywaji huitikisa kabla ya kuifungua. Ni ya kiwandani na bado ni ndugu wa pombe ya kilabu. Kuiweka mbele ya waonjaji pamoja na pombe ya mama wa kilabuni, vikombe vikiwa na namba tu, ni jambo linalowezekana.

Makampuni makubwa yenyewe yamekwisha kukiri kwa vitendo kwamba kijiji kilijua jambo. Mwaka 2002 Nile Breweries ya Uganda ilitoa Eagle Lager, inayotengenezwa kwa mtama wa aina ya Epuripur kutoka kituo cha utafiti cha Serere, na serikali ikaitoza ushuru mdogo. Mwaka 2004 East African Breweries ya Kenya ilileta Senator Keg ili kuwavuta wanywaji wa pombe haramu, ikisaidiwa na msamaha wa ushuru. Msamaha huo ulipopunguzwa kwa nusu mwaka 2013, mauzo yaliporomoka. Anguko hilo linafundisha: wanywaji hawakuwa wameihama pombe ya mtaani kwa sababu ya ladha pekee. Bei ndiyo iliyowaleta, bei ndiyo iliyowaondoa.

Sheria za baada ya uhuru ziliendeleza tabia ya kutazama chombo kabla ya kilichomo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Rais Daniel arap Moi ilipiga marufuku busaa, na mwaka 1980 ikaja sheria maalumu dhidi ya chang'aa. Vinywaji viwili vilivyo mbali kabisa, kimoja cha nafaka iliyochachuka na chenye kilevi kidogo, kingine kilichokenekwa, vikawekwa katika kundi moja la hatari. Hatari ya kweli ipo: Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa kunywa kileo haramu kilichotiwa methanoli. Hakuna jaribio la ladha linaloweza kugundua sumu hiyo, na ndiyo maana maabara lazima itangulie ulimi. Sheria ya mwaka 2010 ilipohalalisha chang'aa, iliitaka iwekwe katika chupa za kioo zenye lebo. Kibali, kwa mara nyingine, kilikuja pamoja na chupa.

Masharti ya jaribio linalofaa yanajulikana na hayagharimu mengi. Pombe ipimwe kwanza usalama wake. Kila pombe ionjwe katika siku ambayo mpikaji wake anasema imeiva. Vikombe vifanane, viwe na namba, na anayemimina asiwe yule anayekabidhi. Waonjaji wachanganywe: wazee wa kilabu, vijana wa bia, wanawake wanaopika, na watu wasiojua upande wowote. Wajibu maswali mawili tofauti, kama kuna tofauti na kipi wanakipenda, kwa kuwa Copenhagen na Marekani zimeonyesha kwamba maswali hayo hayana jibu moja.

Hapa ndipo vyuo kama Sokoine cha Morogoro na mashirika ya viwango ya Tanzania, Kenya na Uganda yana kazi inayowasubiri. Yakifanya hivyo Kibosho, Bungoma na Soroti, matokeo hayatafanana. Kwingine bia ya chupa itashinda kwa haki. Kwingine chungu kitaishinda mbele ya watu walioapa kwamba hawanywi pombe ya kienyeji. Mpikaji atapata alama zake zimeandikwa na waonjaji wasiomjua, ajue kama kimea kilikaa kidogo mno au msesewa ulizidi, na atakuwa na karatasi ya kumwonyesha ofisa anayekuja kumwaga pombe yake.