Mwanga wa taa na mwanga wa usiku

NENO ‘mwanga’ husikika kila siku mahubirini, darasani na katika taarifa za habari. Wasemaji wengi wa Kiswahili katika kaunti za Kisii na Nyamira hulielewa kwa maana moja tu: kile kinachoondoa giza. Hata hivyo, Kamusi ya Kiswahili Sanifu inatambua neno jingine lenye umbo hilo hilo, ambalo maana yake ni mchawi, hasa yule anayesemekana kuzunguka usiku. Kitendo chake huitwa kuwanga.

Kinachoyatenganisha maneno haya ni ngeli. Mwanga wa taa umo katika ngeli ya U-I (mwanga umeonekana, mianga imeonekana), ilhali mwanga mchawi yumo katika ngeli ya A-WA (mwanga ameonekana, wanga wameonekana). Kwa hivyo, ‘Mwanga ulionekana nyuma ya nyumba’ na ‘Mwanga alionekana nyuma ya nyumba’ ni sentensi zinazotofautiana kwa irabu moja pekee. Ya kwanza ni taarifa. Ya pili ni shutuma.

Maana hii ya pili imezoeleka zaidi Pwani na Tanzania. Mwanafunzi wa Nyamira akikutana nayo katika riwaya ya mwandishi wa Unguja huenda akadhani ni kosa la chapa. Katika Ekegusii, maneno hayo mawili hayafanani hata kidogo. Nuru ni ‘oborabu’, nomino yenye mzizi ule ule unaotaja weupe, naye mchawi ni ‘omorogi’, neno lenye nasaba moja na kitenzi cha Kiswahili ‘kuroga’.

Ajabu ni kwamba dhana zenyewe hukutana hata pale maneno yanapoachana. Masimulizi ya Abagusii humsawiri omorogi akitembea usiku akiwa uchi, amebeba chungu chenye moto unaoonekana kwa mbali na kupotea. Kwa aliyelelewa na masimulizi hayo, mwanga hafifu shambani, ambao huenda ni wa tochi ya mtu anayemtafuta ng’ombe wake, waweza kugeuzwa ushahidi.

Matokeo ya tuhuma za aina hii yanajulikana. Mnamo Mei 2008, watu 11, wanawake wanane na wanaume watatu, waliteketezwa na umati huko Kisii wakidaiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021, wanawake wanne wakongwe waliuawa Marani, katika kaunti iyo hiyo, kwa madai kama hayo. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 iliharamisha pia kumshutumu mtu kuwa ni mchawi. Mhariri anayeandika ‘Wachawi wanne wachomwa’ badala ya ‘Wanawake wanne wauawa kwa madai ya uchawi’ huwa amekwisha kutoa hukumu ambayo hakuna mahakama iliyoitoa.

‘Nuru’, lenye asili ya Kiarabu, halina utata huo. Lina uzito wa kiroho, ndiyo maana huzungumziwa nuru ya imani au nuru ya uso, lakini ni nadra kusikia nuru ya koroboi. ‘Mwangaza’ nalo hutumiwa kwa taa na kwa ufafanuzi: waziri hutoa mwangaza kuhusu bajeti.

Kitenzi ‘kuwasha’ kina sura nyingi zaidi. Taa huwashwa, upupu huwasha ngozi, na mtukutu huwashwa kofi. ‘Kumulika’ ni kuelekeza mwanga mahali maalumu, na kwa sitiari ni kufichua. Kamati humulika matumizi ya fedha za umma. Wakenya walikiendeleza kitenzi hicho walipoziita taa ndefu za usalama masokoni ‘mulika mwizi’, jina ambalo walizipa pia simu za bei nafuu zenye tochi.

Lipo pia neno ‘stima’. Kisii na Nyamira, kama kwingi nchini Kenya, stima ikipotea watu hutafuta mshumaa. Asili yake ni meli ya mvuke, na maana hiyo ya chombo cha majini bado imo kamusini. Mtanzania akiambiwa kwamba stima imepotea anaweza kuuliza imepotelea bahari gani. Katika maandishi rasmi, ‘umeme’ unatosha.