Changamwe: Urithi wa Mafuta na Sumu

Historia ya Mombasa huandikwa kisiwani. Fort Jesus imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2011, na milango ya nakshi ya Mji wa Kale hupigwa picha kila uchao. Ukivuka Makupa kuja kwetu bara, mpita njia huona malori, matangi na mabati, akadhani amefika mahali pasipo na historia. Ipo, tena nzito. Ila ni historia ya kazi, na kazi hatujazoea kuiita urithi.

Chukua kiwanda cha kusafisha mafuta. Shell na BP waliunda kampuni yake 1960, ikiitwa East African Oil Refineries, na mtambo wa kwanza ukaanza kazi 1963, mwaka ule ule wa uhuru. Serikali ilinunua nusu ya hisa 1971, na mtambo wa pili ukaja 1974. Meli zilishusha mafuta ghafi Kipevu, yakapanda kwa bomba hadi Changamwe, yakachemshwa na kutenganishwa: gesi ya kupikia, petroli, mafuta ya taa, dizeli, na yale mazito ya mitambo ya umeme. Kuanzia 1978 bomba jingine likawa linasukuma mafuta mpaka Nairobi. Basi aliyewasha taa ya chemni huko bara ya mbali alikuwa anachoma jasho la Changamwe bila kujua.

Pamoja na mtambo ulikua mji. Watu walitoka Taita, Ukambani, Nyanza na Umijikenda, wakapanga vyumba Chaani, Magongo na Mikindani. Huyu kibarua bandarini, yule reli, mwengine uwanja wa ndege. Sisi tuliozaliwa huku tumekulia kwenye ua mmoja wenye lugha nne, na ugomvi wote ulisuluhishwa kwa Kiswahili. Hata jina la mtaa wa Owino Uhuru ni ushahidi: Owino ni la Kijaluo, Uhuru ni la Kiswahili, na mtaa wenyewe uko Pwani.

Septemba 2013 usafishaji ukasimama. Sababu haikuwa uchawi. Mitambo ilikuwa ya zamani. Haikuweza kuyavunja mafuta mazito yakatoa petroli zaidi, kama viwanda vipya vinavyofanya. Wauzaji wakalalamika kwamba mafuta ya hapa ni ghali kuliko yaliyosafishwa ng'ambo. Essar ya India, iliyonunua nusu ya hisa 2009, ikaamua kuwa kukarabati hakulipi, ikaondoka. Kiwanda kikageuka ghala.

Halafu likaja jambo ambalo mimi hulitafakari kila nikipita pale. Mwaka 2018 mafuta ghafi ya Turkana yakaanza kuletwa kwa malori, yakawekwa kwenye matangi ya Changamwe. Agosti 2019 yakapakiwa melini, yakaenda kuuzwa nje yakiwa ghafi vilevile. Kwa miaka hamsini tulisafisha mafuta ya watu wengine. Yetu yalipopatikana, moto ulikuwa umeshazimwa.

Lakini tusidanganyane tukaipamba kazi. Viwanda huacha ujuzi, na huacha uchafu pia. Hapo Owino Uhuru, penye wakazi wapatao 3,000, kulifunguliwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Moshi na maji machafu viliingia majumbani, na watoto wakapatikana na risasi mwilini. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe aliugua, aliongoza mapambano. Kiwanda kikafungwa 2014, naye akapata Tuzo ya Goldman ya mazingira 2015. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Kiwanda kilidumu miaka michache tu. Lakini risasi haiozi. Ikishaingia ardhini hukaa hapo mpaka mtu aje kuiondoa.

Wenzetu wengine wamepitia haya. Ózd, mji wa Hungaria uliojengwa na kiwanda cha chuma, ulibaki na majengo matupu kilipofungwa. Jengo mojawapo la zamani sasa ni makumbusho ya filamu. Sisemi nasi tuige hivyo hivyo. Nasema walikaa chini wakaulizana: hiki tulichoachiwa tukifanyie nini?

Sisi hatujaulizana. Wazee waliokuwa wakisoma vipimo vya mtambo usiku kucha wanazidi kupungua, na wakienda wanakwenda na ujuzi wao wote. Warekodiwe wangali na sauti. Udongo wa Owino Uhuru usafishwe kama mahakama ilivyotaka, maana fidia peke yake haimtoi mtoto kwenye vumbi. Mrithi wa kweli hupokea mali na deni kwa mkono mmoja. Changamwe imeilisha nchi hii mafuta kwa nusu karne; deni lake lisiachiwe wenye nyumba za mabati peke yao.